Mkeka Uliozidi Chumba

Mjukuu wangu amejenga nyumba mlimani, juu ya Munisagara, mahali ambapo siku hizi pikipiki inafika. Wiki iliyopita alikuja kuniomba nimsindikize Mikumi akanunue mikeka, vikapu na vyungu vya kuipambia. Anataka kuvitundika ukutani. Nikamwambia siendi. Akauliza kama ni miguu. Nikamwacha aamini ni miguu. Si miguu. Miguu yangu bado inapanda.

Mimi nilishawahi kununua vitu vya kupamba nyumba mlima ule ule, na vitu vile viliwafunga watu. Naandika ili ajue kwa nini nyumba yangu hii haina hata ungo ukutani. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo asitafute mapambo humu pia.

Uhuru ulikuwa umeshapita miaka kadhaa, na habari za Ujamaa zilikuwa kila mahali, stesheni, msikitini, kanisani, gulioni. Sisi tulikaa juu, nyumba zilizotawanyika mgongoni mwa mlima, kila moja na shamba lake la maharage na mahindi. Ardhi ilikuwa ya upande wa mama yangu. Kwetu ardhi hufuata mama, na mume akioa huja kukaa kwa watu wa mkewe mpaka azoeleke. Mume wangu alikuja hivyo. Wazazi wake walikuwa watu wa mbali walioletwa na kazi ya mkonge, na yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye genge la reli mpaka akaacha. Hakuwa na ardhi popote. Wajomba zangu wakampa pa kujenga. Miaka ikapita, watu wakamzoea. Alijua kusoma na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Wakamchagua awe balozi wetu wa nyumba kumi, akawa anashuka Kilosa mikutanoni na kuturudishia habari.

Habari moja tu ndiyo tuliyoitaka kutoka kwake: je, tutahamishwa? Tulisikia kwamba sehemu nyingine watu wameteremshwa bondeni, wamepangwa kwa mistari kando ya reli na barabara. Wanawake walikuwa wananiuliza mimi kisimani, maana mke wa balozi ndiye sikio la balozi. Nilikuwa nawajibu kwamba sijui, na kweli sikuwa najua.

Aliyeniuliza kuliko wote ni jirani yangu, niliyekuwa namwita mwenzangu. Tulicheza pamoja tangu hatujaota meno ya mbele. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na kundi la mbuzi. Kaka yake alikuwa amehamia upande wa Lumuma, akawa anamwita: njoo na mbuzi wako kabla hujakutwa huko. Alitaka kujua jambo moja, aende au akae. Akienda bure, anapoteza shamba la mama yake. Akikaa na watu wakahamishwa, anapoteza mbuzi, kwa sababu bondeni kuna ndorobo na mbuzi wa mlimani hawamuwezi.

Kiangazi hicho mume wangu alirudi kutoka Kilosa na mabati. Yalikuwa mapya, yanang'aa mpaka unafumba macho. Watu wa mlimani wote walishuka kuyabeba, wakapanda nayo wakiimba. Nyumba yetu ikawa ya kwanza kuwa na bati upande ule. Alipigilia misumari mwenyewe, akawakataza wajomba zangu kupanda juu, akisema bati halitaki miguu mingi. Kisha akapanga mawe makubwa juu ya paa, safu kwa safu. Nikamuuliza mawe ya nini na misumari ipo. Akasema upepo wa huku hauna adabu. Nikaona ana akili.

Jioni moja tukiwa tunakula akaniambia, "Mke wangu, nyumba ya bati haikai tupu kama ghala. Nenda katafute vitu. Mkeka mzuri, kiti cha mgeni, mtungi. Watu wakiingia waone ni nyumba."

Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi sana. Tangu tuoane sikuwa nimesikia neno kama hilo. Mkeka wetu ulikuwa umetoboka katikati, na wageni walikaa kwenye kinu kilichogeuzwa. Maharage yalikuwa yameiva vizuri mwaka ule na yeye mwenyewe akasema nichukue nitakavyo. Akanipa kamba ya katani. Aliifunga fundo moja. Toka mwanzo mpaka fundo ni upana wa sebule, akasema, na kamba nzima ni urefu. Mimi sikuwa najua kipimo cha namba, na kamba ni kipimo kisichosahau, kwa hiyo niliifunga kiunoni ndani ya khanga.

Nilimwomba mwenzangu anisindikize. Tukashuka Munisagara na mizigo yetu ya maharage kichwani, tukapanda treni mpaka Kilosa, na Kilosa tukabadilisha ile ya Mikumi. Mwenzangu alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikaa ameshika mbao za kiti mikono miwili njia nzima, na kila tulipofika stesheni ananiuliza kama huyu anayeendesha amekula.

Mikumi wakati ule haikuwa hivi. Kulikuwa na barabara ya kwenda Iringa, vibanda vichache, na wanawake waliotandaza kazi zao chini pembeni, wakiwangoja wasafiri. Mikeka ya ukindu, vikapu, makawa ya kufunikia chakula, mafagio. Tulizunguka mpaka jua likatuzoea. Mwenzangu alishika kila kitu na kukigeuza nyuma, maana mkeka haununuliwi kwa uso, unaangaliwa mgongoni kama mishono imelala sawasawa. Mwisho tukamfikia mama mmoja mnene aliyekuwa anashona ukili bila kuutazama. Mikeka yake ilikuwa na mistari myekundu na myeusi, rangi ya kuchemsha, na pindo lake limekazwa.

Akatutazama miguu, akajua tulikotoka. "Nyie wa mlimani mnalala na mbuzi," akasema. "Mkeka wa rangi wa nini?"

Mwenzangu akamjibu, "Mbuzi wetu wamechoka kulala chini, mama."

Yule mama akacheka mpaka ukili ukamdondoka. Tukawa marafiki. Alisema mkeka mkubwa hivyo hana, itabidi aushone, na nirudi mwezi ukiandama. Nikamwachia kamba. Akasema kitu nilichokikumbuka baadaye: kamba yangu ataifunga kwenye pembe ya mkeka siku ya kuuchukua, kwa sababu watu wanaleta kipimo chao halafu wanarudi kumtukana yeye.

Kilosa tulipita kwa fundi mmoja wa kuchonga aliyekuwa kibarua wa shamba la mkonge, kwao kusini kabisa. Alichonga saa za jioni na siku za mapumziko, chini ya upenu wa kambi. Nikaagiza kigoda cha mninga cha miguu mitatu. Kwenye mzunguko wa kiti niliomba achonge migongo ya milima, mmoja nyuma ya mwingine, kama inavyoonekana kutoka mlangoni kwangu. Akataka nimwonyeshe. Nikachora mchangani kwa kidole. Na kwa sababu mwenzangu alikuwa ameacha mbuzi na watoto kunisindikiza, nikamwagizia mchi. Fundi akaufanya mzito, akauzungushia pete mbili kwenye shingo, akasema pete hizo ni za marafiki wawili. Mwenzangu akamwambia apunguze maneno aongeze tupa. Lakini aliupenda. Tulipokwenda kuvichukua aliubeba mwenyewe njia nzima, hakuniachia.

Mwezi ulipoandama nilirudi Mikumi peke yangu, nikauchukua mkeka na kamba yangu imefungwa pembeni kama tulivyoahidiana. Mlimani niliukunjua sebuleni. Ukaingia upana sawasawa. Urefu ukapita. Ulipanda ukutani zaidi ya dhiraa nzima, ukasimama hapo kama mtu aliyenyimwa kiti. Nilimlaani yule mama wa Mikumi palepale, nikasema watu wa barabarani ni wezi hata wa kipimo. Halafu nikaifungua kamba nikaunyoosha mkeka uani nikalinganisha. Mkeka na kamba vilikuwa sawa, hakuna kilichozidi hata kucha. Yule mama hakukosea. Nikaifunga tena kamba pembeni ilipokuwa.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Aliutazama, akaupenda, akapapasa rangi kwa kiganja. Akasema labda alipima siku amechoka. "Kunja hapo mwisho," akasema. "Mkeka mrefu si kosa. Mfupi ndio kosa." Nikakunja. Nikaweka kigoda juu ya mkunjo usiinuke. Na ndani ya moyo wangu nikaona haya kwamba nimemlaani mtu bure. Haya hiyo ndiyo iliyonizuia kuuliza zaidi.

Kikabaki mtungi. Na kuhusu mtungi lazima nieleze, maana mjukuu wangu anafikiri mtungi ni wa kuweka maua.

Kwetu kuna mtungi wa kusimama na mtungi wa kupandwa. Wa kusimama unaukalisha juu ya kata ya majani, unauhamisha ukitaka. Wa kupandwa ni mkubwa, unachimbiwa shimo kwenye sakafu pembeni mwa jiko, unazikwa mpaka tumboni, kisha sakafu inasilibwa upya kuuzunguka. Maji yake ni ya baridi hata kiangazi. Lakini udongo ukishaushika, hautoki mzima. Ukitaka kuuondoa utauvunja. Kwa hiyo mtu anayefikiri kuhama hapandi mtungi. Anayepanda amekwisha kusema kwamba hapa ndipo atakapozeekea. Na shimo halichimbwi na mwanamke. Linachimbwa na mwenye nyumba, kwa mkono wake, mbele ya majirani, na kila mwanamke wa jirani anakuja na maji ya kisima chake kumimina mara ya kwanza. Baada ya hapo nyumba ile inaaminika. Hata ugomvi wa mipaka ulikuwa unaamuliwa hivyo: nani amepanda mtungi hapa?

Mume wangu alikuwa mgeni lakini alikaa kwetu miaka kumi na zaidi. Alijua haya yote. Alikuwa amekwenda kwenye mitungi ya watu wote.

Alisema nitafute wa kupandwa. Nilimuuliza mara mbili. Nikamuuliza hivi, na maneno ya kuhamishwa je? Akasema, "Wewe lete mtungi, shimo nitachimba."

Mfinyanzi mzuri alikuwa bibi mmoja njia ya kwenda Lumuma. Tulikwenda tena mimi na mwenzangu, tukalala kwa kaka yake. Kaka mtu alituonyesha mahali alipomtengea dada yake, nyumba nusu imeshasimama, na malisho upande wa kijito. Akamwambia mbele yangu kwamba asingoje kuambiwa, aje kabla ya mvua. Mwenzangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama malisho. Akamwambia kaka yake kwamba atampa jibu.

Asubuhi tulifika kwa bibi mfinyanzi. Tukampa shikamoo, akatuitikia marahaba bila kuinua kichwa, anachokoa udongo kwenye kucha kwa mwiba. Mitungi ilikuwa imepangwa kivulini, midomo chini. Nikamwonyesha niliotaka, wenye michoro ya ukucha shingoni. Hakutaja bei. Aliuliza kama unakwenda kusimama au kupandwa. Nikasema kupandwa. Akauliza shimo anachimba nani. Nikasema mume wangu. Ndipo akainua kichwa.

"Ana akili timamu?" akauliza. "Siku hizi?"

"Ni balozi, bibi," mwenzangu akanijibia. "Yeye ndiye anayejua."

Bibi akaupiga mtungi kwa kiungo cha kidole, ukalia vizuri. Akapokea maharage yetu. Tulipokezana kuubeba siku mbili, kata ikatuchubua utosi, na kwenye mteremko wa mawe mwenzangu alitangulia kinyumenyume amenishika mikono nisiteleze. Njiani hakuongea juu ya kaka yake. Alisema tu kwamba akiona mtungi umeingia ardhini, ndio jibu lake.

Shimo lilichimbwa mwisho wa kiangazi. Watu walijaa uani. Mume wangu alivua shati, akachimba mwenyewe, jasho likimtiririka mgongoni, akapima kina kwa mkono, akaongeza kidogo. Alikuwa mchimbaji mzuri, reli ilimfundisha. Mtungi ukashushwa. Wanawake wakapita mmoja mmoja kumimina maji. Mwenzangu alikuwa wa mwisho. Alimimina taratibu mpaka tone la mwisho, kisha akasimama na kibuyu mkononi, akamuuliza mume wangu mbele ya watu wote.

"Shemeji, sasa tuseme nini? Tulime?"

Mume wangu alikuwa anafuta udongo mikononi. "Mtungi umeingia ardhini," akasema. "Mnataka niseme nini zaidi?"

Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga. Mimi ndiye niliyeanza.

Kuanzia siku ile mlima ulitulia. Waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Mjomba wangu mkubwa akaezeka upya. Mwenzangu akatuma neno Lumuma kwamba hatakwenda, kaka yake akampa mtu mwingine ile nyumba. Mvua za kwanza zikaja tukapanda. Wanawake walikuwa wakipita kwangu kutazama mkeka, kukaa kwenye kigoda, kunywa maji ya mtungini. Mmoja alisema akianza kuogopa anakuja kunywa maji kwangu, anarudi ametulia. Nilijivuna. Nyumba yangu ilikuwa imekuwa mahali pa kutulizia watu.

Mahindi yalipofika magotini, yakaja malori. Hayakuweza kupanda, yalisimama chini, watu wakaja juu kwa miguu kutwambia ni leo. Kila mtu abebe anachoweza. Wanawake walikimbilia kwangu. Walisimama uani wananitazama, nami nilisimama nao, namtazama mume wangu.

Yeye alikuwa juu ya paa.

Alikuwa ameshayateremsha mawe. Aliyang'oa mabati kwa mikono, bila nyundo, moja baada ya jingine, na misumari ikatoka kama miba kwenye ndizi mbivu. Ilikuwa imeingia nusu tu. Nusu ile nyingine ilikuwa imezibwa na mawe tusiione. Kabla watu hawajamaliza kulia yeye alikuwa na nyumba yake nzima imepangwa chini, bati juu ya bati, imefungwa kwa kamba. Kigoda changu kilipelekwa kwenye lori kabla ya watoto. Mkeka ukakunjwa. Kitu pekee ambacho hakukigusa ni mtungi. Ulibaki pale umejaa maji, chini ya mbingu.

Hata hapo sikutaka kuelewa. Mtu anaweza kuona misumari kwa macho yake na bado akajitafutia sababu. Nilijiambia labda alipata fununu jana yake. Labda ni mwepesi wa kazi.

Tukashushwa kwenye kijiji kipya, bondeni karibu na reli. Wenzetu walionyeshwa vijiti kwenye nyasi: huyu hapa, huyu pale, jengeni. Sisi tukapelekwa kwenye kiwanja cha kwanza kutoka barabarani. Kulikuwa na nyumba. Kuta zimekwisha, sakafu imepigwa, milango ipo. Ilikosa bati tu, na bati tulikuwa nalo. Siku ya pili lilikuwa juu, safari hii kwa misumari iliyozama mpaka kichwani. Niliyahesabu mapigo nikiwa nje, na hakuna jiwe hata moja lililopandishwa.

Akaniambia niingie nitandike. Nikaukunjua mkeka sebuleni. Ukalala. Ukagusa ukuta huu, ukagusa ukuta ule, upana na urefu, haukubaki mkunjo wala nafasi ya kupitisha kidole. Ile kamba ilikuwa bado imefungwa pembeni. Nikapiga magoti nikaishika.

Nikamuuliza, "Nyumba hii uliipima lini?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kwenye milima yangu. Hakujaribu kudanganya, hilo nampa. "Kiangazi," akasema.

"Na shimo ulichimba la nini?"

Akasema aliambiwa ahakikishe watu hawatawanyiki. Kwingine wamekimbilia maporini, mabalozi wao wamedhalilika. Yeye hakutaka wakimbie. Na kijiji kitakuwa na duka la ushirika, ameahidiwa kulisimamia, watoto watakaa karibu na shule, karibu na dawa. Aliyasema yote kwa sauti ileile ya chini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mkewe.

"Ningekuambia ungemwambia yule," akasema.

"Ningemwambia."

"Basi."

Nimeishi na neno hilo "basi" kuliko nilivyoishi na yeye. Hakukosea. Ningemwambia siku ileile, na mwenzangu angekuwa Lumuma na mbuzi wake. Alinijua vizuri kabisa, na kwa kunijua kwake ndiko alikonitumia. Hakunituma Mikumi kwa sababu ananipenda, wala kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Alinituma ili watu wanione napita na mkeka kichwani.

Mbuzi wa mwenzangu walikufa kabla ya masika kwisha. Alikuwa anawazika mwenyewe nyuma ya kibanda cha nyasi alichojenga. Nilimwendea na mkeka. Niliubeba begani mchana, watu wakiona, nikautua mlangoni kwake na kumweleza yote, kamba, urefu, misumari. Nikamwonyesha ile kamba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mke hajui urefu wa chumba chake?"

"Nilijua. Nilidhani amekosea kupima."

"Ulianza wewe kupiga vigelegele," akasema. Akausukuma mkeka kwa mguu, si kwa nguvu, kama unavyomsukuma kuku atoke mlangoni. "Peleka. Kwangu hautaenea."

Tangu hapo hakunisalimia. Watoto wake walinipa shikamoo kama kawaida, aliwalea vizuri, nami nikawaitikia. Yeye alipita. Kisimani, kwenye shamba la ushirika, kwenye kisomo tulipokaa benchi moja kufundishwa herufi. Wanawake wengine walinisamehe, au walichoka. Ule mkeka niliutoa sebuleni nikafungia mahindi, panya wakaula. Mume wangu alipata duka lake, akakaa kwenye kigoda mlangoni mpaka siku zake zilipokwisha. Nilimpikia, nilimuuguza, nilimzika. Ukutani sikutundika kitu, na kila alipouliza nilimwambia mwenye nyumba apambe.

Miaka ikapita, ukali wa mambo ukapungua, watu wakaanza kupanda tena mlimani kulima mazao ya kiangazi. Nikaona na mimi niende. Nilikuwa na kazi moja. Nilitaka kuuvunja ule mtungi, kwa sababu vijana walikuwa wanapita njiani na kuwaonyesha wageni kwa mbali, eti pale ndipo penye mtungi wa balozi. Nilibeba jembe.

Kuta zilikuwa zimeanguka, nyasi zimejaa jikoni. Nilifyeka kwa mikono mpaka nikaupata. Ulikuwa umeshavunjwa. Mdomo wote umepigwa ukaingia ndani ya tumbo lake, vigae vimelala na maji ya mvua juu yake. Na ndani ya shimo, umesimamishwa wima kama nguzo, ulikuwa mchi. Mti umepauka kwa jua, lakini pete zilikuwepo shingoni, mbili.

Nilikaa chini kidogo. Kisha nikaung'oa, nikaushusha mlima mzima begani. Ulikuwa mzito kama siku ulipochongwa.

Nilimkuta mwenzangu uani anatwanga kwa kijiti cha mti wowote tu, kibaya, kinachoacha nyuzi kwenye unga. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, alikuwa peke yake. Nikamwekea mchi mbele ya kinu.

"Umesahau mchi wako," nikamwambia.

"Sikusahau," akasema.

Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu mkeka. Aliutazama mchi muda mrefu. Akakiweka kile kijiti kando, akauchukua, akaupangusa kwa pindo la khanga, akaendelea kutwanga. Hakunikaribisha kiti. Hakunifukuza. Nilisimama pale uani mpaka unga ukatoka mweupe, naye akauchekecha, akaingia ndani, akaacha mlango wazi au labda alisahau kuufunga. Sikuingia. Nilirudi nyumbani.

Kwa hiyo mjukuu wangu aende Mikumi na wenzake. Mikeka ya huko ni mizuri, atazame mgongoni, na aende na kipimo alichokipima yeye mwenyewe.